Siagi Ndani ya Chungu

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na shule ilipofungwa kwa sababu ya vita hakukubali kukaa bure. Alitugeuza sisi, mimi na mdogo wangu wa kike, tukawa darasa lake zima. Mimi nilikuwa darasa la tano, mwenzangu la kwanza, na mama hakujali tofauti hiyo hata kidogo. Majirani zetu wa mtaa wa Bwiza walikuwa wanahangaika kutafuta unga na mkaa, yeye anatafuta soksi kuukuu za baba kwa ajili ya somo la sayansi. Nilimwonea aibu, nasema kweli.

Soksi hizo zilivalishwa chupa. Tulijaza maji chupa mbili, moja tukaivika soksi iliyoloweshwa, nyingine tukaiacha hivyo hivyo, tukaziweka mlangoni penye upepo. Jioni tukaambiwa tuonje. Ile yenye soksi ilikuwa baridi mpaka mdogo wangu akacheka.

"Juu ya nini iyi imekuwa baridi?" mama akauliza. Hiyo "kwa nini" lilikuwa swali lake la kila siku, na hakuna aliyekwenda kucheza kabla ya kulijibu.

"Juu upepo inakunywa maji ya soksi," mdogo wangu akasema.

"Ndiyo. Na ikikunywa, inaenda na joto."

Mimi nilidhani ni mchezo. Baba alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Insulini yake ilikuwa ikikaa kwenye friji ya muuza soda wa mtaani kwetu, hadi nguzo za umeme zilipoangushwa huko milimani na mji ukazimika. Friji ikawa kabati tu. Dawa yenyewe ilitoka Uvira kwa wachuuzi wa kuvuka mpaka, ikipatikana, na chini ya bati letu wakati wa kiangazi ingepoteza nguvu kidogo kidogo bila mtu kujua kwa macho. Mama alikuwa ameyawaza yote hayo tangu siku ya soksi. Hakutaka kututisha, basi akatupa somo.

Somo lililofuata lilikuwa la vyungu. Alinunua viwili sokoni, kimoja kikubwa, kingine cha kuingia ndani yake, na katikati tukajaza mchanga. Kazi yetu ilikuwa kuumwagia mchanga maji asubuhi na mchana, na kufunika juu kwa kitambaa kibichi. Vichupa vya dawa vilikaa ndani, kwenye kopo. Kipimajoto hatukuwa nacho, kwa hiyo mama akaweka kipande cha siagi kwenye kisahani kando ya kopo. Siagi ikibaki imeganda, dawa ni salama. Ikiyeyuka, tumwite mbio. Kule sebuleni siagi ilikuwa mafuta kabla ya adhuhuri, lakini ndani ya chungu ilikaa imara kabisa, na mdogo wangu alikuwa akiichungulia kila mara utafikiri ni kifaranga chake.

Chungu kilikaa kwenye korido, kati ya mlango wa barabarani na ule wa uani, mahali upepo wa ziwani ulipokuwa ukipita. Kwetu mlango haukufungwa mchana. Ulikuwa na pazia tu, na apitaye alisalimu akiwa barabarani akaitikiwa kutoka jikoni. Kufunga mlango jua likiwa juu ilikuwa ni kuwafukuza watu. Hesabu yote ya mama ilisimama juu ya desturi hiyo, na nadhani hata yeye hakuiona, maana ilikuwa ya kawaida mno.

Kisha mtu akarusha guruneti ndani ya nyumba ya tatu kutoka kwetu, kupitia mlangoni, kupitia pazia. Watu walikuwa wanakula. Siku hiyohiyo mtaa wote ukafunga milango, na madirisha yakazibwa kwa magunia.

Siku ya pili siagi ililegea. Siku ya tatu ikawa mafuta. Mama alitupatia upepeo wa jikoni, tukakipepea chungu kwa zamu hadi mikono ikauma, lakini hewa ya mle ndani ilikuwa imechoka kama sisi. Hakutuuliza ni kwa nini. Aliinuka akaondoa komeo, akafungua mlango kiasi cha mkono. Baba alitoka chumbani akashika ubao wa mlango.

"Mama watoto, apana. Funga."

"Na dawa?"

"Ile dawa ni ya mutu moya tu. Mulango ni ya wote."

Akausukuma, akarudisha komeo mwenyewe, akaenda kukaa kwenye cherehani yake isiyokuwa na nguo ya kushona. Nilimchukia kwa saa nzima. Sikujua namna nyingine ya kumhofia.

Aliendelea kujidunga ile dawa, kwa sababu hapakuwa na nyingine na njia ya Uvira ilikuwa imekatika. Alikuwa akinywa maji mtungi kwa mtungi na bado midomo inamkauka. Akakonda, pumzi yake ikaanza kunuka kama matunda yaliyoiva mno. Tulipompeleka hospitali tuliambiwa insulini imekwisha hata kwao. Alifariki kule kule, mama amemshika miguu.

Ukiwa na matanga huwezi kufunga mlango. Watu walikuja, hata wale waliokuwa hawajatoka nje tangu guruneti, na mlango wetu ukaachwa wazi kutwa, magunia yakatolewa madirishani ili wanawake wapate hewa. Mdogo wangu hakuna aliyemwambia aache kazi yake. Asubuhi na mchana alikuwa akipenya katikati ya wageni na kikopo chake, anamwagia mchanga maji.

Alasiri akaja mbio hadi pale mama alipoketi juu ya mkeka, kisahani mkononi.

"Mama! Siagi imeganda!"

Nilitaka kumvuta nimtoe nje, lakini mama alikichukua kile kisahani, akaigusa siagi kwa kidole.

"Juu ya nini imeganda?" akamuuliza, kwa sauti yake ileile ya darasani.

"Juu mulango iko wazi," mdogo wangu akajibu, akangoja aambiwe kwamba amepata.