Mwanaume wa Pasi

Kwenye kiwanda kile cha kufulia mashuka ya hospitali, hakuna aliyemwita mama yule kwa jina lake. Aliitwa Chuma, kwa ajili ya pasi kubwa ya mvuke aliyoiendesha tangu usichana wake, na kwa sauti yake nzito iliyozishinda mashine ikasikika mpaka getini. Alilelewa katikati ya kaka watupu. Kwao, asiyepaza sauti alilala njaa.

Mwaka huo serikali ilimtaka kila mwajiri apeleke taarifa: wanaume wangapi, wanawake wangapi, wanafanya kazi gani na wanalipwaje. Karani wa mishahara, binti aliyeajiriwa juzijuzi, hakutaka kunakili tu yaliyomo kwenye kompyuta. Akapita kwa kila mtu kuhakikisha.

"Shikamoo mama. Namtafuta Chuma, yule mwanaume wa pasi."

"Marahaba. Umeshampata," akajibu Chuma. "Leo kavaa gauni."

Wenzake walicheka hadi mashuka yakawaponyoka. Kumbe siku ile alipoomba kazi kwa simu, karani wa zamani aliisikia sauti akaandika "mwanaume", na hakuna aliyesahihisha.

Binti yule alicheka pia, kisha akamvuta pembeni. "Mama, wapiga pasi wote ni wanawake, na wenzako wote wanalipwa chini yako. Wewe unalipwa kiwango cha wanaume."

Chuma aliizima pasi. Siku zote alidhani wanalingana. Nani humuuliza mwenzake mshahara? Wakati wa chai akawaeleza wenzake mwenyewe, kabla hawajasikia kwa mtu mwingine.

"Mkininunia nitawaelewa," alisema.

Mama Sabuni, shoga yake wa mashine ya jirani, akaweka kikombe chini. "Tukununie kwa lipi? Wewe ndiye kipimo chetu. Twende ofisini."

Wakaenda wote, na karani mbele. Bosi alikuwa amekirithi kiwanda kwa baba yake, pamoja na viwango vya mishahara ambavyo hakuwahi kuvitazama mara mbili.

"Kosa dogo hilo," alisema. "Mwandike mwanamke, apewe kiwango cha wenzake."

"Kwa hiyo, bosi," Chuma akauliza, "nikiwa dume shuka linanyooka, nikiwa jike linajikunja?"

Bosi alijaribu kukunja uso, kicheko kikamtoka. Akamgeukia karani. "Serikali ikisoma hivi tulivyo, tutaonekanaje?"

"Vibaya, bosi. Na itakuwa kweli."

Akajikuna kichwa, akatazama wale akina mama waliojaa mlangoni. "Basi wapandishe wote wafikie kiwango cha Chuma. Kisha peleka taarifa."

Nyumbani, mume wa Chuma, fundi baiskeli, alipopata habari alitikisa kichwa. "Kumbe nyumba hii ina mababa wawili. Ndiyo maana chakula huchelewa."

"Baba mwenzangu," Chuma akamjibu, "leo zamu yako jikoni." Naye akaenda, akiimba.

Mishahara mipya ilipotoka, wapiga pasi walimpakia karani kwenye toroli la mashuka, wakamzungusha uani kwa vigelegele huku kiatu chake kimoja kikibaki nyuma. Bosi alichungulia dirishani, na alipoonwa akajifanya anafuta kioo.