Magauni ya Komunio Kutoka Ng'ambo

Nilikuwa fundi cherehani Majengo na katekista wa kigango chetu, kazi mbili zilizokutana mara moja kwa mwaka, Komunio ya Kwanza ilipokaribia. Miaka ya uhaba, wasichana walishonewa kwangu magauni meupe kwa kitambaa ambacho mama zao walikipangia foleni tangu alfajiri. Kisha milango ikafunguliwa. Tukaelezwa kwamba sasa tumeingia kwenye soko la dunia. Nikamshukuru Mungu, maana sikujua kwamba dunia nayo ingeingia kwangu.

Tumbaku ya Namtumbo ilikwenda ng'ambo, na ng'ambo wakatuletea mitumba. Mwaka ule nilikuwa nimeweka kitambaa cheupe cha msimu mzima, kwa kuwa magauni hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba yangu mpaka mavuno. Wiki tatu zikapita, hakuna aliyekuja kupimwa.

Hatimaye akaja mama mmoja wa mtaa wa Msamala, mkononi ana gauni jeupe lenye nyota ndogo kifuani na maandishi ya kigeni chini yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kupimiwa mtoto?"

"Hapana, nimekuja kuuliza. Tumeyapata kwenye belo moja la mitumba, wamama wanane, yote yanafanana. Hii nyota haina ubaya kanisani?"

Ningeweza kusema ni alama ya kipagani, na wote wanane wangerudi kwangu. Lakini nilikuwa nimesomea dini miaka miwili, na elimu ina hasara zake. Nikamwambia ni nyota ya Mamajusi.

"Na maandishi?"

"Kilatini hicho," nikasema, kwa uhakika wa mtu asiyejua.

Siku ya mazoezi kanisani, sista mmoja mzee, mzaliwa wa huko huko Ulaya, alivaa miwani akasoma kifua cha msichana wa kwanza, kisha wa pili.

"Mbona mmewavalisha watoto nguo za kulalia? Hapa pameandikwa 'Lala salama'."

Mama wa Msamala ndiye aliyeuliza, "Sista, huko kwenu mtu anapendeza hivi kwa ajili ya godoro?"

"Ndiyo, mama."

"Na kanisani mnavaa nini?"

"Siku hizi wengi hawaendi."

Wote wakanigeukia. "Kilatini, eh, mwalimu?"

Alasiri walikuja wote wanane. Nikafungua kitambaa changu kwa furaha, nikatafuta futi ya kupimia.

"Hapana, mwalimu. Ziba maandishi tu, utuwekee na kola. Nyota iache, uliisifia mwenyewe."

Nikakikata kitambaa kipya vipande vipande, nikavishonea kwenye nguo za kulalia za watoto wa watu. Jumapili wasichana walipendeza kweli, nami niliwaongoza altareni bila kupiga mwayo.

Tangu hapo sikushona gauni zima. Nilifupisha suruali za Wazungu warefu, nikapunguza makoti ya wanene, na hivyo nikawa mshiriki wa biashara ya kimataifa. Nyumba yangu ilifika mavuno kwa mlo mmoja kwa siku. Sala ya kushukuru chakula hatukuipunguza hata neno. Mara nyingi ilikuwa ndefu kuliko chakula chenyewe.