Bunduki ya Upepo na Mkono wa Baba

Baba alipopata kiharusi, upande wake wote wa kulia ulilala. Mguu ulirudi baada ya miezi michache, ingawa ulikuwa ukiburuza. Mkono haukurudi. Uliinuka mpaka usawa wa bega, ukaweza kushika kikombe kitupu, ukaishia hapo. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alituambia tumtafutie kazi anayoipenda, yenye kuvuta na kusukuma, aifanye kidogo kidogo kila siku kwa mkono ule ule mgonjwa. Baba alimsikiliza kwa adabu, kisha njiani akaniambia kwamba kahawa ikiiva ataimenya mwenyewe.

Nyumbani kwetu, huku juu karibu na Mbozi Mission, mashine ya kumenyea kahawa ni ya mkono. Ina gurudumu zito la chuma na mpini mmoja, na tangu nikiwa mdogo mpini ule ulikuwa wa baba. Sisi wengine tulimwaga kahawa mbivu juu na kuzoa maganda chini. Mtu akimpokea ili apumzike, baba alisimama pembeni akimtazama mpaka mwenyewe anarudisha mpini kwa aibu. Kwa hiyo niliposikia kauli ile nilielewa ana maana gani, na niliogopa, kwa sababu mavuno hayakuwa mbali.

Wazo la bunduki lilikuwa langu, nami sikatai. Ujanani mwake baba alifanya kazi kwenye shamba kubwa la kahawa ambalo msimamizi wake alikuwa na bunduki ya upepo. Jumapili mchana aliwaruhusu vibarua kulenga vizibo vya soda vilivyopigiliwa kwenye gogo, hatua ishirini. Baba alikuwa akivipiga vyote. Hadithi hiyo tumeisikia mara nyingi mno, na mama akiisikia inaanza huwa anakwenda kuangalia jikoni. Baba hakuwahi kuwa na bunduki yake. Nikajiambia, hapa nitaua ndege wawili kwa jiwe moja: nimpe mzee kitu alichokitamani maisha yake yote, na mkono upate mazoezi, kwa sababu bunduki ya springi inapakiwa kwa kukunja mtutu. Ukiuvuta chini, springi ndani inabanwa. Ukifyatua, springi inaachia na upepo unasukuma kirisasi. Haitaki mtungi wa gesi wala pampu, inataka mkono tu.

Mimi nafanya kazi Tunduma, ya kushughulikia nyaraka za malori, kwa hiyo najiona mtu wa kujua mambo. Nilianza kwa kuuliza polisi habari za kibali, nikajaza nilichoambiwa nijaze, nikasubiri nilivyoambiwa nisubiri. Dereva mmoja aliniahidi bunduki ya bei ya kutupa kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Nilimjibu kwamba siku nitakapoamua kuvuka mpaka na bunduki begani mbele ya watu wa forodha ninaokunywa nao chai kila asubuhi, nitamwita aje kunitazama.

Kwenye duka la silaha nilikaa karibu nusu siku. Mwenye duka alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono na subira isiyo ya kawaida. Alinitolea mbili. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mti, nyepesi, na mtutu wake ulikunjika taratibu. Ya pili ilikuwa na kitako cha plastiki, nzito, ngumu, na bei yake ilikuwa chini kuliko ya kwanza.

"Kaka, ya kulengea shabaha ni hii ya mti," alisema. "Nguvu yake ndogo, lakini haikusumbui na inapiga pale pale. Hiyo nyingine ina nguvu nyingi, inaruka mkononi."

"Mimi nataka yenye nguvu," nikasema.

"Ya nini nguvu, kwa vizibo?"

Nilikuwa na jibu, na leo linanitia haya. Nilimwambia kwamba sinunui kitu cha kuchezea watoto. Ukweli ni kwamba hela yangu haikufika kwenye ile ya mti, na sikutaka aone. Nikachukua ile ngumu, nikaweka kitako pajani, nikakunja mtutu mara tatu mbele yake kwa mikono yangu miwili mizima, nikaona inafaa. Aliniuliza ni ya nani. Nikasema ni ya kwetu. Laiti ningesema ni ya mzee mwenye mkono uliopooza, yule bwana asingeniuzia.

Baba aliipokea akiwa ameketi. Aliipitishia mkono wa kushoto kuanzia kitako mpaka ncha ya mtutu, akainusa. Macho yake yalilowa, nami nikafurahi kupita kiasi. Tulipigilia vizibo kwenye gogo la mkaratusi mbele ya kichuguu, hatua ishirini kama zamani. Akabana kitako katikati ya magoti, akashika mtutu kwa mkono wa kulia, akavuta.

Haukusogea. Akavuta tena. Mishipa ya shingo ilimsimama. Nilisema atumie ule wa kushoto, au aniachie nimkunjie.

"Huo si ndio mzima?" alinijibu. "Nikiutuma mzima, huu utafanya kazi lini?"

Nilimkunjia mara nne siku hiyo. Akaegemeza bunduki juu ya gunia la pumba, akapiga vizibo viwili, na hakusimulia hadithi ya msimamizi hata kidogo. Mama aliniuliza jikoni kama dukani hakukuwa na nyingine. Nikamwambia hakukuwa.

Wiki mbili baadaye nilirudi Jumamosi, nikamkuta baba na chupa ya mafuta. Kwetu huku, kabla ya msimu, mashine ya kahawa hutolewa stoo, inaoshwa, kisha inalishwa mafuta kila mahali penye tundu mpaka mpini uzunguke kwa kidole. Kila nyumba inafanya hivyo. Chuma kikikataa, sisi hatujui dawa nyingine. Baba alikuwa ameifanyia bunduki vivyo hivyo. Alianza na bawaba, halafu akaona kitundu ambacho upepo hupitia kuingia kwenye mtutu, akamimina na humo. Alinionyesha akijivuna. Mimi, mtu wa kujua mambo, nikamwambia vizuri, baba, nikamkunjia.

Alipofyatua, mlio ulikuwa wa bunduki kubwa. Kuku walitawanyika, moshi wa buluu ukatoka mtutuni, na mama akaja mbio na mwiko mkononi akihesabu watu wake. Hakuna aliyeumia. Baba alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Akabana kitako magotini, akashika mtutu kwa mkono wa kulia, akavuta, nao ukaja. Ulikuja polepole, ukikwaruza ndani, mpaka ukalia ka.

Alinitazama. Kisha akasema kwa Kinyiha, taratibu, kwamba mkono umerudi.

Akaweka kirisasi, akalenga, akafyatua. Kirisasi kilianguka njiani. Nilikiona kikigonga majani. Yeye macho yake hayaoni mbali hivyo, akadhani amekosa tu.

Usiku ule nilimpigia mwenye duka. Hata sikumaliza kueleza. "Springi imekatika, kaka," alisema. "Mafuta yakiingia mle ndani yanalipuka. Ndiyo maana imekuwa laini, haina kitu cha kubana." Akasema anaweza kuniagizia springi nyingine. Nikamwambia asubiri kidogo. Springi mpya ingerudisha ugumu ule ule, na ingemwambia baba kitu ambacho mimi sikuwa na mdomo wa kumwambia. Nilikaa kitandani nikiwa na simu mkononi, mtu mzima, nisijue la kufanya.

Asubuhi nikasogeza gogo. Nilimwambia baba kwamba kule jua linampiga machoni. Hatua ishirini zikawa nane, na kwa hatua nane, upepo uliobaki uliweza kugusa kizibo. Kililia kidogo tu, lakini kililia. Tangu hapo akawa anakunja na kupiga kila siku, asubuhi na jioni, kwa mkono wa kulia. Nikija mwisho wa wiki ananihesabia. Majirani walikuja kumwona akivuta mtutu. Nilisimama hapo hapo nikiwakaribisha viti.

Mama alijua. Sikumwambia, alijua kwa kunitazama tu. "Mwambie," alisema siku moja tukichambua maharage. Nikasema nitamwambia. "Lini?" Nikasema kesho. Akaendelea kuchambua. Yeye mwenyewe hakumwambia, na sikuwa na haki ya kumuuliza kwa nini.

Halafu baba akataka kutoa shukrani. Kwetu mtu akipona, hasemi asante kimoyomoyo tu. Anakwenda mbele ya kanisa na sadaka yake, anasema Mungu amemtendea nini, na watu wanaimba wakimsindikiza. Alichagua jogoo mkubwa na debe la mahindi. Jumamosi nilimfuata zizini nikiwa nimejiandaa kabisa, maneno nimeyapanga tangu ndani ya basi. Alikuwa anamfunga jogoo miguu kwa kamba, kwa mikono miwili, ule wa kulia ukisaidia kadiri ulivyoweza. Nikamshikia kamba.

Kesho yake alisimama mbele akasema mkono wake ulikuwa umekufa na sasa unavuta chuma. Akauinua. Uliishia usawa wa bega, pale pale ulipokuwa ukiishia siku zote. Watu wakaimba. Mimi pia niliimba, sauti yangu naifahamu, ilikuwa juu kuliko ya waliokaa jirani nami.

Kahawa ikaiva. Tulichuma siku mbili, na jioni ya pili tukaitoa mashine, tukaiosha, tukaipaka mafuta. Nikaizungusha tupu kuijaribu, ilikuwa nyepesi. Kisha nikajaza kahawa juu. Baba akasogea na kigoda chake, akashika mpini kwa mkono wa kulia, akavuta.

Gurudumu halikuzunguka. Akaomba mafuta. Nikamimina. Akavuta tena, akajiegemeza kwa mwili mzima, na vidole vikaanza kuuachia mpini kimoja kimoja. Akaomba mafuta tena. Nikamimina tena, ingawa yalikuwa yanadondoka chini. Mama alisimama na ndoo ya kahawa, hakuitua.

Baba akaacha kuvuta. Alitazama mashine, akatazama kule kwenye gogo la vizibo. Ni mtu aliyeishi na vyuma.

"Ile bunduki," akasema, "imekatika nini?"

"Springi, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya moshi."

Alitikisa kichwa polepole. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru angenitukana. Akauchukua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akautoa kwenye mpini, akauweka mapajani.

"Na shukrani nimeshatoa," akasema.

Akasogeza kigoda pembeni ili nipate nafasi. Nikashika mpini, nikaanza kuzungusha, naye akakaa pale akinitazama mpaka ndoo ya mwisho.