Nilipewa Uongozi Nikitazama Ukuta wa Choo

Wadau, mimi nilichaguliwa kuwa mkuu wa mtaa nikiwa nimeutazama ukuta wa choo cha shule, huku nikiwaomba watu wasinichague.

Msicheke kwanza. Au chekeni tu, mke wangu mwenyewe bado anacheka.

Naitwa Mugenzi. Nimekulia Ngara, Tanzania, maisha yakanizaba vibao vya kutosha, nikarudi Kigali nikafungua gereji ya pikipiki hapa Gikondo. Mvua ikinyesha, mtaro unafurika, maji yanaingia gereji bila hodi. Spana zangu zimejua kuogelea kabla ya watoto wangu.

Nimlalamikie nani? Mudugudu. Ndivyo tunavyomwita mkuu wa mtaa huku, ingawa neno lenyewe maana yake ni mtaa. Wakati huo alikuwa Muzehe Jean-Berchmans, mpole kama maziwa ya mtindi. Halipwi hata senti, lakini simu yake inaita kuliko redio.

"Muzehe, maji!"

"Tumelipokea, Mugenzi."

Kila mvua, tumelipokea. Basi kila mkutano wa wananchi mimi ndiye wa kwanza kusimama, napiga mdomo mpaka watoto wa jirani wananiigiza.

Ukafika uchaguzi, kwenye uwanja wa shule, na Muzehe akagombea tena. Roho yangu yote ilikuwa kwa Kayitesi, mama wa duka la dawa, aliyeahidi kuchimba mtaro mara moja. Asiposhinda, masika mengine naogelea.

Msimamizi akauliza, "Iko mwingine?"

Mkono ukanyooka. Valens kinyozi, mtani wangu, mwenye saluni chini kidogo ya gereji. "Weka Mugenzi! Iko anajua kila kitu, huyu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nikakataa. Msimamizi akanikazia macho. "Unakataa kutumikia majirani zako?"

Mbele ya mama mkwe! Nikanywea.

Sasa kwa asiyejua: mtaani kwetu hakuna karatasi ya kura. Wagombea wanasimama mbele, wanawapa watu mgongo, na kila mtu anapanga foleni nyuma ya anayemtaka. Kugeuka marufuku. Mimi nikapangiwa upande wa choo.

Nikapiga akili haraka. Kila atakayekuja kwangu kwa utani ni mtu wa Kayitesi anayepotea. Muzehe atapita katikati yetu, na mimi nitazama na spana zangu.

Filimbi ikalia. Nikasikia ndala. Shwa, shwa, shwa. Zinakuja kwangu!

"Jamani, nendeni kwa Kayitesi!" nikaupayukia ukuta.

"Mmesikia?" ilikuwa sauti ya bibi mmoja. "Hana tamaa. Huyu ndiye!"

"Mimi sifai! Nina hasira, nina mdomo!"

"Na mkweli pia," akasema mwingine. Shwa, shwa, shwa.

Nikasikia mtu anapumua kisogoni kwangu. Marashi yale nayajua, nimeyanunua mimi.

"Gahongayire? Mke wangu, unafanya nini hapa?"

"Nimepanga foleni, sha."

"Nenda kwa Kayitesi!"

"Si kila siku unaniambia ungekuwa wewe ungeunyoosha huu mtaa? Haya, unyooshe. Masikio yangu yapumzike."

Filimbi tena. "Geukeni!"

Nikageuka. Foleni yangu ilikuwa imezunguka goli la mpira. Kayitesi alikuwa na watu wachache wenye msimamo. Kwa Muzehe hakukuwa na mtu.

Hata Muzehe mwenyewe hakuwepo.

Alikuwa kwenye foleni yangu, nyuma ya mke wangu, kofia mkononi, anatabasamu kama mtu aliyetua gunia la viazi.

"Muzehe, wewe si mgombea?"

"Nimejitoa, Mudugudu. Simu zako zimenichosha. Sasa uwe unajipigia mwenyewe."

Nikaapa, ningefanyaje. Kayitesi akaingia kwenye kamati, akashika maendeleo, na Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, akautoa mtaa mzima na majembe. Mtaro tukaupanua mpaka ukaonekana kama barabara.

Mvua ikaja. Maji yakapita mbele ya gereji yangu kwa adabu zote. Nikayapigia saluti.

Sijashusha mkono, simu ikaita.

"Mudugudu, maji!" Ni Valens. "Yameingia saluni! Mteja nimemnyoa nusu, amepanda juu ya kiti!"

Simu ikiwa bado sikioni, nikakimbilia kwa Muzehe. Yuko barazani anakunywa chai, taratibu.

"Muzehe, ulijua yataishia kwa Valens?"

"Tangu zamani. Maji hayafukuziki, mwanangu, yanahama tu. Ukianza kuchimba, chimba mpaka bondeni. Mbona nilisema mkutanoni?"

"Lini?"

"Wewe ulikuwa unaongea."



"Mudugudu!" Valens anapiga kelele sikioni. "Unanisikia?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari za miteremko, mifereji, bonde. Wallahi, sijui lilitokea wapi lile neno.

"Tumelipokea, Valens."

Muzehe alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Funzo langu ni hili: mkosoe kiongozi wako, ni haki yako, lakini ukimaliza kaa chini usikie jibu. Na usiwape majirani mgongo hata siku moja, watakupangia foleni.

Umuganda ujao tunachimba mpaka bondeni. Valens aje na jembe lake. Na yule mteja wa nusu kichwa naye asikose.