Karwirwa Aliomba Maji

Ukipanda kutoka Kiirua kwenda Kibirichia, kabla hujafika sokoni utaona nyumba ya mabati iliyojengwa peke yake, karibu mno na barabara. Mvua ikinyesha, matope ya malori huruka mpaka mlangoni. Shamba la mwenye nyumba liko ng'ambo ya kijito, mahali pazuri pa kujenga, na watu wamemwambia ahamie huko mpaka wakachoka. Karwirwa hajahama. Miaka mingi nimepita hapo na ugoro wangu wa kuuza, nikapewa uji, na habari hii nimeisikia kwake kidogo kidogo. Sehemu nyingine niliipata Ishiara, kwa mama aliyemlea ndugu yake.

Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau, hapo penye nyumba ndipo palipokuwa na lango la kijiji. Nasema vile vijiji vya kulazimishwa. Watu waliambiwa wabomoe nyumba zao mashambani, wakasongamana mahali pamoja, kisha wakachimbishwa mtaro wa kujizungushia wenyewe, na humo mtaroni wakapanda vijiti vilivyochongwa. Asubuhi walitolewa kwenda kazi ya lazima, jioni wakarudishwa, lango likafungwa. Baba yake Karwirwa, Kathuri, alikamatwa Kiirua akapelekwa kizuizini Manyani, na hakurudi. Nyumbani alibaki mama yao, Karimi, na Karwirwa mwenyewe, msichana aliyekuwa ameanza kubeba kuni kama mtu mzima, na mtoto mchanga wa kiume aliyeitwa Kiogora.

Karimi maziwa yalimkauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha, akawa anafungua mdomo tu. Basi, mtaro ukiwa haujakamilika, akapita Ciakuthii, mwanamke wa Ishiara, huko chini kwenye joto, aliyezoea kuja huku juu na mtama kuubadilisha na njegere. Alikuwa amemzika mtoto wake mwezi ule, na kifua chake bado kilikuwa kimejaa. Ukoo wake na ukoo wa Karimi ni wa gichiaro. Hiyo ni ahadi waliyoapa wazee wa zamani wa koo hizi mbili: hamtaoana, hamtadanganyana, na mmoja akiomba kitu, mwenzake hamnyimi. Anayekataa, laana humfuata yeye na watu wote wa damu yake. Na aliyetangulia kuomba ndiye hupewa. Ukishampa kitu mwenzako, huwezi kugeuka ukakiomba tena.

Karimi akamwomba amlee mtoto. Ciakuthii akamfunga mgongoni akateremka naye. Mtaro ukaisha, lango likawekwa, na Karimi akafa ndani ya kijiji kwa ugonjwa wa kuhara uliowapata wengi.

Karwirwa akabaki peke yake katika kibanda, na wazo moja tu: ndugu yake yuko Ishiara, na yeye hawezi kutoka. Mkubwa wa homugadi, wenyeji waliolinda kwa niaba ya serikali, hapo langoni alikuwa Thuranira, mtu wa mdomo mwingi. Kila akiombwa pasi ya kutoka alikuwa na la kusema. Siku moja mbele ya wanawake waliobeba majembe alimwambia, "Wewe Karwirwa, huko Ishiara unafuata nini? Unataka kuolewa na mbuzi?" Wanawake wakacheka, maana usipocheka anakuandama. Karwirwa naye akacheka. Aliniambia kicheko hicho kilimuuma kuliko kiboko.

Alichimba barabara yao, alifyeka msitu, alimfulia Thuranira nguo na kumchotea mkewe maji. Jioni alisimama kando ya mtaro akitazama upande wa chini ambako nchi huwa ya bluu kwa joto. Alikuwa akijaribu kukumbuka uso wa mtoto, akaona unamtoroka, na hilo ndilo lililomtia hofu. Mtoto akijua kutembea na kusema, atakuwa wa nani?

Mwaka wa tatu tangu mtoto achukuliwe ulikuwa unakwisha, amri zikalegea kidogo, na mke wa Thuranira akamwambia mumewe ampe huyu msichana pasi, maana nguo zao hazijawahi kuwa safi hivi. Akapewa, na onyo kwamba asiporudi kabla ya soko linalofuata, kibanda kitachomwa.

Alipanda lori la viazi mpaka Meru, akasimamishwa na askari, akapata lori lingine hadi Chuka, kutoka hapo akateremka kwa miguu. Alipofika soko la Ishiara hakupoteza muda. Aliutaja ukoo wa Ciakuthii, akasema yeye ni gichiaro, na watu wa ukoo ule hawakuweza kumficha. Walimfikisha mpaka uani.

Njiani alikuwa ameyapanga maneno. Angesimama, angesema naomba mtoto wa mama yangu, basi. Hakuna ambaye angeweza kumnyima. Lakini jua la Ishiara si la mtu wa Kibirichia. Ulimi ulikuwa umemgandia kwenye meno kwa kiu. Tena uani, katikati ya wana wa mbuzi, aliketi mtoto mnene, miguu imejaa vumbi, akamtazama Karwirwa kwa macho ya Karimi. Karwirwa akaita, "Kiogora." Mtoto akainuka, akakimbia kujificha katika nguo ya Ciakuthii.

Ciakuthii alimjua mgeni palepale. Akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, umekuja kuomba nini?"

Karwirwa alifungua mdomo, na kilichotoka kikawa, "Maji, mama."

Ciakuthii akaleta kibuyu. Akangoja mpaka akanywa yote. Kisha akapiga magoti mbele ya huyo msichana, yeye mtu mzima, akasema, "Umeomba maji, nimekupa. Mama yako aliniomba nimlee, nikamlea. Sasa na mimi naomba. Niachie huyu."

Karwirwa aliniambia kwamba hata mtaro wa kijiji haukuwahi kumzunguka namna ile. Akikataa, laana ni ya mtoto pia. Akakaa chini. Ciakuthii alikuwa analia, na kwa kulia akaongeza kwamba huko juu mtoto angefungiwa langoni, angekula nini, nani angembeba Karwirwa akiwa kazini. Yote yalikuwa kweli, na ukweli huo haukumsaidia mtu.

Mwishowe Karwirwa akasema, "Nimekuachia. Na mimi naomba. Siku atakapouliza alizaliwa na nani, usimfiche. Mwambie dada yake anakaa langoni."

Ciakuthii akajifuta machozi. Kisha akakubali, maana naye hakuwa na njia.

Karwirwa akarudi kabla ya soko. Thuranira akamuuliza mbuzi wamemkataa au vipi, akafunga lango nyuma yake.

Hali ya Hatari ilipokwisha, watu walifukia mtaro wakarudi mashambani kwao. Karwirwa peke yake alibaki pale pale. Aliolewa na Mbae, fundi wa viatu, kwa sharti kwamba nyumba ijengwe penye lango, na Mbae, mtu mpole, akakubali kuishi na matope.

Kijana alikuja baada ya kutahiriwa, kwa sababu wakati huo ndipo mvulana huuliza ukoo wake. Walimwita Ireri huko chini. Alisimama barabarani akiuliza lango la zamani lilikuwa wapi. Karwirwa alimkaribisha, akampa chakula, wakazungumza Kiswahili, maana lugha zao za nyumbani zilikuwa zimeachana. Alikaa kwa muda mfupi tu. Alimsaidia Mbae kuziba paa, akacheka kama Kathuri. Kisha akasema mama yake anamngoja.

Karwirwa hakumwambia abaki. Neno hilo alishalitoa Ishiara, na kilichotolewa hakiombwi.

Alimfungia viazi vya mbegu katika kitambaa. Viazi havioti Ishiara, joto huviua ardhini, na wote wawili walijua. Kijana alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema atavipanda mahali penye kivuli.