Tuta Yatima

Mimi sikuumbwa kungoja. Chai ikikawia kuchemka nafunua sufuria kila saa, na hata leo nikiwa kwenye foleni naichukia migongo ya watu walio mbele yangu. Sasa mtu wa namna hiyo, yuko kidato cha pili, anaambiwa na mwalimu wa baiolojia: "Mchepuo wa sayansi hautaki watu ambao mikono inawawasha. Nionyeshe jaribio moja ulilolimaliza bila kulivuruga, ndipo utaingia. La sivyo, upishi."

Upishi sikuutaka hata kuusikia.

Nilikuwa nakaa Bigwa kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyelima mchicha na kuuza sokoni. Kila asubuhi, umande ukingalipo, aliunyunyizia majivu ya jikoni, akisema wadudu hawayapendi. Nikamwuliza amejuaje. "Tumekuta hivyo," akasema, akaendelea kunyunyiza. Basi hapo nikapata swali langu. Nikapanda matuta mawili, mbegu zile zile, maji yale yale, jua lile lile. Moja lipate majivu, jingine lisipate. Mwalimu aliliita hilo la pili tuta la kulinganishia, akanionya kwamba hilo ndilo litakalosema kweli, kwa hiyo nisiliguse.

Mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. "Yaani hili limeachwa hivi hivi, halina mtu?"

"Halina, mama."

"Basi ni yatima," akasema, na jina likabaki.

Jina hilo ndilo lililoniponza. Wanawake waliokwenda kuteka maji wakaanza kuuliza hali ya yatima kabla ya kuuliza hali yangu. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee aliyependa kukagua bustani za wenzake kuliko yake, alisimama akatikisa kichwa. "Ndugu mwanafunzi, sisi hapa tunagawana sawa. Hili unalibagua kwa kosa gani?" Nikampa shikamoo, nikamweleza, nikarudia kumweleza. Akasema amenielewa. Hakunielewa hata chembe.

Nami sikutulia. Kabla ya shule nipo bustanini, nikitoka shule nipo bustanini, nimechuchumaa natafuta viwavi, nawaombea wale upande mmoja tu. Wiki zikapita, na matuta yote mawili yakastawi sawasawa, majani mapana, hayana hata tundu. Nikaanza kuamini majivu hayana lolote, na nikaogopa nitamwambiaje mama mkubwa.

Asubuhi ya siku aliyokuja mwalimu, nilipitisha kidole juu ya jani la yatima. Kidole kikatoka na vumbi la kijivu.

"Nani kaweka majivu hapa?"

Mama mkubwa alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuficha. "Balozi aliweka kidogo. Jirani naye. Na mimi, nisemeje, kila nikipita linanitazama."

Nililia kwa hasira mbele yake, nikamwambia wamenipeleka upishini wote kwa pamoja. Hakurudi jikoni mpaka nilipomaliza kulia.

Mwalimu alipofika akauliza nimeona nini. Matuta yalifanana kabisa. Ningesema majivu hayasaidii, angeandika hivyo na mambo yangeisha. "Yote mawili yamepata majivu, mwalimu," nikasema. "Kwa hiyo sijui kitu."

Alilipangusa jani, akaitazama miguu yangu iliyokuwa haitulii. "Rudia," akasema. "Muhula haujaisha."

Mara ya pili, mlinzi alikuwa mama mkubwa mwenyewe. Aliketi kibarazani akiwafukuza wenye huruma, balozi akiwemo, na kila alipopita karibu na yatima alijifunika uso kwa khanga. Viwavi wakaja. Walikula wakabakiza vishina, na pembeni yake tuta lenye majivu lilisimama kijani. Nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu, kweli nimeikalia, mwalimu alipotazama huku na huku, kisha akasema, "Sayansi."

Nilimsindikiza hadi barabarani nikirukaruka. Niliporudi nikamkuta mama mkubwa amechuchumaa, anavishikashika vile vishina kimoja kimoja.

"Si ulijua tangu mwanzo?" nikamwambia.

"Nilijua, mwanangu. Ila sikuwahi kuona."

Halafu akaniuliza kama sasa inaruhusiwa, akanyoosha mkono kuchukua kopo la majivu.