Kibubu Ni Halisi, na Odessa Hafuti Neno

Odessa Pettiford anakigeuza kibubu cha chuma kichwa chini. Uso wa kibubu hautazami kwanza. Anapitisha kidole kwenye mshono, pale vipande viwili vilipokutana, kisha anakilaza juu ya karatasi yenye mchoro wa kibubu halisi cha aina hiyo.

"Wanaoghushi hutengeneza kalibu kwa kutumia kile cha zamani," anasema. "Chuma kikipoa husinyaa. Kwa hiyo cha bandia ni kidogo kuliko mama yake. Kutu unaweza kuipika kwa chumvi. Kimo utakidanganya kwa kitu gani?"

Odessa, mwenye miaka sitini na mitatu, anakagua na kuthamini vibubu katika ghala la mnada mjini Lebanon, Pennsylvania. Hulipwa dola tisini kwa siku. Kufikia Ijumaa huenda asiwe na kazi hiyo.

Mwezi uliopita Glenn Haas alileta kibubu cha babu yake: kichwa cha mtu mweusi, midomo imepakwa nyekundu, macho yamemtoka. Ukibonyeza wenzo, mkono unapeleka senti mdomoni, naye anaimeza. Watoto wa Kizungu walinunuliwa vitu hivi ili wajifunze kuweka akiba.

Odessa ni mweusi. Bibi yake alipiga pasi katika nyumba yenye kibubu kama hicho, na mtoto wa nyumba hiyo alikiita kwa jina la mume wa bibi huyo.

Angeweza kusema kibubu cha Haas ni bandia. Kingeuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na nani angejua?

"Mimi sisemi uongo juu ya chuma," anasema. "Ni halisi. Hilo ndilo linaloniuma."

Alikithamini dola mia tisa. Lakini kwenye maelezo, mwenye mnada Wendell Strohm alikuwa ameandika "mtu mcheshi". Odessa akayakata maneno hayo, akaandika yake, na siku ya mnada akayasoma mbele ya wanunuzi: kibubu halisi, kilichotengenezwa ili watoto watucheke. Mikono ikashuka. Kibubu hakikununuliwa.

Haas anadai aombwe radhi kabla ya Ijumaa, la sivyo Odessa aondolewe. Strohm alimfuata Odessa mezani, mpole kama anayemwuguza.

"Dessa, mama, ni kichezeo tu. Mpe pole yake, tuendelee na kazi."

"Mjukuu wako ungemnunulia, Wendell?"

Strohm akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Odessa anataka kila kibubu cha aina hiyo kitakachopita mezani pake kiuzwe na sentensi ile ile, bei ipande au ianguke. Meza ikiondolewa, anasema, ataweka nyingine barazani kwake.

Na radhi ya Haas?

Anakifuta kidole kutu, anavaa miwani.

"Andika hivi: siombi."